Mwenzi wa Fundi katika Chumba cha Baridi

Mjini kwao jua huwaka mpaka lami inalainika, na katikati ya joto hilo alikuwepo mwanamke mmoja aliyekwenda kazini na sweta mbili, soksi nzito na kofia ya kuvuta hadi masikioni. Watu wa mtaani walimcheka kwanza, wakachoka, wakamwita Bi Barafu. Jina likakaa. Hata mama yake mzazi, aliyempa jina zuri siku alipozaliwa, siku hizi akimwita uani humwita hilo hilo.

Kazi yake ilikuwa katika maabara ya chuo, ghorofa ya chini kabisa, nyuma ya mlango wa chuma wenye mpini mrefu. Ndani kuna chumba cha baridi. Ukiingia mlango ukajifunga nyuma yako, dunia yote inabaki kule nje, na honi zake, na vijana wake wanaochekeana kwenye ngazi. Humo unasikia feni tu ikivuma kwa mbali, kama mtu anayeguna usingizini, na tone. Tone linadondoka kwenye kichupa. Kimya. Tone jingine. Pumzi yako unaiona inatoka mdomoni, inatanda, inapotea. Bi Barafu aliingia humo msichana, na sasa nywele zilizokuwa chini ya kofia zilikuwa nyeupe. Akiulizwa kama hachoki, alijibu, "Nichoke na nini? Kule ndani hakuna anayeniletea upuuzi."

Alichokitafuta humo ni kimeng'enya, protini yenye kazi yake maalumu mwilini. Wasomi wana maelezo yao marefu, lakini jambo lenyewe halihitaji miwani. Ndani ya kila seli ya mwili mna kazi isiyokoma ya kuvisha vitu vikofia. Kikofia chenyewe ni kidogo mno, kaboni moja na haidrojeni tatu, wenyewe wanakiita methili. Kikivishwa kwenye uzi wa urithi, mara nyingi mahali pale pa uzi hunyamaza. Kikivishwa penginepo, kitu kinaweza kuamka. Ndiyo maana seli ya jicho haijisahau ikaota kucha, ingawa uzi wa urithi ni ule ule. Sasa, vikofia havina miguu. Vina mchukuzi wao wa kuvibeba, na mchukuzi huyo anatengenezwa na kimeng'enya kimoja ambacho Bi Barafu alikiita Fundi, kwa kuwa jina lake la vitabuni lingemmaliza mtu ulimi. Fundi akilala, wachukuzi wanapungua, vikofia vinakosa wa kuvibeba, na seli inaanza kuhangaika kama nyumba iliyopoteza funguo zote siku moja. Hivyo ndivyo Profesa, mwenye utafiti ule, alivyomweleza, hivyo ndivyo alivyoelewa, na atakayebisha abishe.

Fundi alitolewa kwenye figo za ng'ombe. Kila Jumatatu asubuhi Bi Barafu alipita machinjioni na ndoo yake ya barafu, na mchinjaji hakuwahi kumwacha apite salama.

"Bi Barafu! Figo tena? Huyo bwana wako hali nyama nyingine?"

"Bwana wangu anakaa kwenye kichupa, hali kitu. Nipe zile zenye joto bado, na acha kunichekea, meno yenyewe umebakiwa na ya kuhesabika."

"Siku moja nitakuja nimwone."

"Njoo na sweta."

Basi figo zinasagwa, zinachujwa, na supu yake inamwagwa ndani ya mrija mrefu wa kioo uliojazwa punje nyeupe. Kila kitu kinang'ang'ania zile punje. Hapo unapitisha maji ya chumvi, mepesi kwanza, halafu makali, halafu makali zaidi, na kila aina ya protini inaachia kwa wakati wake. Fundi ni mkaidi, anaachia karibu na mwisho. Ukishamkamata kwenye kichupa unampima: unamtembeza kwa umeme ndani ya kipande cha jeli, unatia rangi, na kila protini inajitokeza kama mstari wa buluu. Mistari mingi, kazi chafu. Mistari michache, mkono mzuri.

Na mkono wa Bi Barafu ulikuwa mzuri kwa kuzaliwa. Mama yake alikuwa dobi wa mikono. Alifulia watu nguo maisha yake yote, na nyumba yao ilikuwa na desturi isiyokuwa ya nyumba nyingine: maji ya mwisho ya kusuuzia lazima yanyweke. Mwenye nguo akija kuchukua mzigo, Mama alichota yale maji kwa kiganja mbele yake, akayaonja, akameza. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. "Asije mtu akasema nyumba hii inasuuza nusu," alikuwa akisema. Watoto wake nao walionja. Bi Barafu alikua na ladha ya maji ya kusuuzia ulimini, na alipoingia chuoni kuosha vioo, kisha akapandishwa, kisha akakabidhiwa chumba cha baridi, aliingia na desturi ile ndani ya mifupa. Maji ya mrija wa kioo huwezi kuyaonja. Lakini unaweza kuosha.

Mwaka uliopita alikuja mgeni, mtu wa maabara kubwa, mwenye suruali iliyopigwa pasi ikasimama. Alitembezwa huku na huku, akafikishwa kwa Bi Barafu, akaonyeshwa jeli. Ilikuwa na mstari mnene wa Fundi, na chini yake mstari mwembamba, wa kufifia, ambao ulikuwepo miaka yote wala hakuna aliyeusemesha. Mgeni akaugusa kwa ncha ya kalamu.

"Mama, kazi nzuri. Hapa tu pana uchafu kidogo."

Akaenda zake kunywa chai. Yeye hata hakumbuki alisema nini siku ile. Bi Barafu alibaki na jeli mkononi, na uso ulimchoma hivi, ndani ya baridi ile yote. Uchafu. Neno hilo halikuwa limewahi kuvuka kizingiti cha mama yake.

Jumatatu iliyofuata akaongeza chumvi kabla ya kumkusanya Fundi. Mstari mwembamba ukafifia. Akaongeza tena, akaosha kwa muda mrefu zaidi, mpaka siku moja jeli ikatoka na mstari mmoja, mnene, peke yake katikati ya uwazi, kama mtu aliyesimama uwanjani watu wote wameondoka. Bi Barafu akaipiga picha, akaibandika kwenye mlango wa chuma, juu ya picha zote za zamani. Hakumwambia mtu. Usafi hautangazwi, unaonekana.

Ikawa tangu hapo huko juu, kwa Profesa, Fundi anakufa.

Profesa alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa umri, aliyemkuta Bi Barafu hapo, yeye akiwa bado mwanafunzi asiyejua kushika kichupa. Mbele ya watu Bi Barafu alimwita Profesa. Wakiwa wawili alimwita mdogo wangu, naye akamwita dada. Profesa alimweka Fundi kwenye maji ya uvuguvugu, joto lile lile la mwili wa mtu, akampa kazi, akapima. Fundi alianza vizuri. Kitambo kidogo akalegea, akasinzia, akaisha. Majaribio ya juu yakaanguka moja baada ya jingine.

"Dada, figo ni zile zile?"

"Zile zile. Za moto."

"Na njia?"

"Njia ni ile ile, usafi tu umezidi," akajibu Bi Barafu, na alisema kweli jinsi alivyoiona.

Profesa akakuna kichwa, akapanda ngazi. Hakuufungua mlango wa chuma. Alikuwa na imani na dada yake kama mtu anavyouamini ukuta wa nyumba yake.

Haya, chuo nacho kina wenye macho ya kutafuta nafasi. Bwana Vifaa, msimamizi wa stoo, mtu mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuwa akikitamani chumba kile siku nyingi. Akasikia kwamba Fundi wa humo anakufa, na kwamba wakubwa wanasema heri waagize kimeng'enya kilichokwisha tengenezwa, kije kwa ndege, ile feni izimwe. Akashuka na futi yake ya kamba, akaanza kupima ukuta kutokea nje.

"Unapima jeneza la nani?" Bi Barafu alimuuliza.

"Viti, mama. Viti vya mikutano havina pa kulala. Wamesema mwisho wa mwezi, kama mambo yako hayajakaa sawa."

"Kwa hiyo viti vilale, mimi nisimame."

"Wewe utapewa kazi juu. Kwenye jua! Utapumzika na hayo masweta."

Alicheka yeye peke yake. Bi Barafu aliingia ndani, akavuta mlango, akakaa kwenye stuli yake. Tone. Kimya. Tone. Akajiona yuko juu, kwenye dirisha lenye jua, na kofia mkononi, hana hata kitu kimoja cha kusikiliza. Hapo ndipo alipoogopa. Hakuwa mtu wa kuogopa, lakini chumba kile ndimo umri wake wote ulimodondokea, tone kwa tone, na hakujua kama ungeweza kuchotwa ukahamishiwa kwingine.

Jumapili alikuwa uani na mama yake, wanafua. Kuna mashine ya kufulia ndani, mjukuu aliileta. Mama aliitandikia kitambaa akaweka redio juu yake. Mashuka aliyafua kwa mkono, na kuyakamua kulihitaji watu wawili. Mmoja anashika ncha, anasimama imara, hafanyi kitu kingine. Mwenzake anasokota. Tangu utotoni Bi Barafu ndiye mshika ncha.

Shuka likawa zito la maji, Mama akasokota, maji yakachuruzika kwenye saruji, na sauti ile ya kuchuruzika ikamchukua Bi Barafu. Akawa yuko uani na hayuko. Akaona jua limekuwa rangi ya maziwa, mama yake yuko mbali, mwisho wa shuka refu jeupe lisilokwisha, anasokota, anasokota, mdogo kama sisimizi. Vidole vikalegea. Shuka likajifyatua lote kwa mara moja, likaanguka kwenye vumbi.

"We mtoto! Umelala umesimama?"

"Samahani, Mama."

"Samahani ndiyo itakayosuuza? Kazi yako kushika tu! Kushika! Mimi nimesokota hapa nimevunjika mgongo, hata tone la maana halijatoka, kwa sababu ya mtu aliyeachia."

"Nimesikia, Mama."

"Hujasikia. Ungesikia ungekuwa umeshaliokota."

Akaliokota. Walilisuuza upya, na maji ya mwisho Mama akayaonja, akatema, akasema bado.

Jumatatu mrija ulikuwa ukidondosha kama kawaida na Bi Barafu alikuwa amejikunyata kwenye stuli, mikono kwapani. Usingizi wa chumba cha baridi si usingizi kamili. Macho yako wazi ila mlango wa kichwa unaachwa bila kufungwa. Akamwona Fundi. Alikuwa mwanamume mnene, kwenye karakana kubwa yenye ukungu, anatengeneza wachukuzi mmoja baada ya mwingine, na kila mchukuzi akimalizika anavikwa kikofia na kutembea akitokomea ndani ya ukungu. Joto la karakana lilikuwa linapanda. Fundi akageuza kichwa upande wa kushoto, kama mtu anayetaka kusema neno kwa aliyekaa karibu yake. Palikuwa na nafasi ya mtu. Mtu hakuwepo. Fundi akaendelea kutazama pale, nyundo juu, mkono ukaanza kuteremka polepole, polepole, akaketi chini, akalala.

Bi Barafu akashtuka. Tone lilikuwa limedondoka pembeni ya kichupa.

Akainuka, akaenda mlangoni, akainua kwa ukucha ile picha ya mstari mmoja. Chini yake kulikuwa na ya zamani, na chini ya hiyo nyingine ya zamani zaidi, kingo zimekunjamana kwa unyevu. Katika zote mstari mwembamba ulikuwepo. Miaka ile yote Fundi hakuwahi kufa. Alisimama pale hadi vidole vya miguu vikafa ganzi. Kisha akabandua picha zote, akapanda ngazi na sweta zake mbili, watu wakampisha.

Kwa Profesa hakukaa. Aliziweka mezani.

"Mdogo wangu, huyu mwembamba ni nani?"

Profesa akatazama, akavua miwani, akavaa tena. "Huyu? Huyu ni mwenziwe. Si ndiye anayemwongoza?" Kisha akaona ile picha ya juu. "Hii nyingine ni ya lini? Huku yuko wapi?"

"Nimemwosha."

"Umefanya nini?"

"Waliniambia ni uchafu. Nimemwosha akatoka."

Hapo Profesa alipandisha sauti, na haikuwahi kutokea. "Dada! Mwaka mzima! Mwaka mzima mimi natafuta kosa kwenye maji, kwenye mashine, kwenye hesabu, kumbe wewe unamtupa kwenye sinki!"

"Usinipigie kelele. Mimi nimekuvumilia ukivunja vioo vyangu."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia ana mwenzi?"

"Nikuambie nini, wakati kila mara alikuwemo?"

"Basi hukutazama. Ungeshuka ungetazama. Mara ya mwisho umeufungua ule mlango lini?"

Profesa akavuta kiti. Akakaa. Hasira ilimtoka kidogo kidogo, kama hewa kwenye tairi, na alipozungumza tena alikuwa akichora kwa kidole juu ya vumbi la meza. Huyu mwembamba, akasema, hatengenezi kitu. Mweke peke yake asubuhi hadi jioni, hata mchukuzi mmoja hatoi. Lakini anajibana ubavuni mwa Fundi, ameingiza mkia wake ndani yake kama mtu aliyeshika mkono wa mwenzake chini ya meza. Akiwepo, Fundi anastahimili joto. Na wapo wanaosema kwamba akiwepo, hata malighafi ikiwa haba Fundi anajikaza, na wachukuzi wakijaa anajua kutulia.

"Hafanyi kitu," Bi Barafu akarudia.

"Hafanyi. Anamshika tu mwenzake."

Bi Barafu akazikusanya picha zake mezani. Kisha akasema, "Kesho nitahitaji figo nyingine," akashuka.

Mchinjaji alishangaa kumwona Jumanne, akafungua mdomo, akaona uso wake, akaufunga.

Kusafisha siku ile ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, na haikuwa na ugumu wowote. Alipaswa tu kuacha. Maji ya chumvi yalipofika pale pa zamani, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kile kibomba, kuongeza, na ilibidi aushike kwa mkono wa pili. Kila tone lililodondoka alilisikia linamwita jina baya. Aliona kiganja cha mama yake kimejaa maji. Aliona kalamu ya mgeni. Akasema kwa sauti, humo ndani peke yake, "Kaeni hivyo hivyo," na mvuke wa maneno ukazunguka mrija wa kioo ukakaa hapo kitambo kabla ya kutoweka. Jeli ikatoka na mistari miwili. Aliitazama kwa jicho la upande, kama mtu anavyomtazama mkwe asiyempenda ila ndiye aliyeolewa.

Siku ya kupima, viti vilikuwa vimeshaletwa. Bwana Vifaa alivipanga kwenye korido, kimoja juu ya kingine mpaka dari, akasimama mbele yavyo na funguo zake. Juu, Profesa alitumbukiza vichupa viwili kwenye maji ya uvuguvugu: kimoja na Fundi aliyesafishwa wa wiki iliyopita, kimoja na Fundi na mwenziwe. Bi Barafu hakupanda. Alikaa kwenye stuli, mlango wazi, kitu ambacho hakuruhusu kamwe, baridi ikawa inatoka kama moshi na kuvitambaa viti miguuni.

"Mama, tunaanza kuingiza?" Bwana Vifaa akauliza saa za chai.

"Ingiza mguu uone."

Mchana ukapita. Jua lilipoinamia upande wa ngazi, Profesa akaonekana juu, anashuka anashikilia ukuta. Hakuwa anacheka wala analia. "Yule wa peke yake alishalala kabla ya chakula cha mchana," akasema. "Huyu wa pili bado anafanya kazi. Nimemwacha anafanya kazi, dada. Nimewapigia wakubwa."

"Wamesemaje?"

"Feni isizimwe."

Bwana Vifaa akatazama viti vyake, akatazama dari, akasema jambo kuhusu wasomi lisilofaa kuandikwa, akaanza kuvishusha. Bi Barafu akamwambia angoje. Akachagua kimoja, chenye mto wa buluu, akakikagua miguu, akakibeba mwenyewe ndani ya chumba cha baridi, akakiweka ubavuni mwa stuli yake, karibu na mrija.

"Hicho ni cha mikutano!" Bwana Vifaa akalalamika.

"Na huu ni mkutano." Akamgeukia Profesa. "Mimi naomba msamaha kwa Fundi. Kwako siombi. Kila Jumatatu utashuka, utakaa hapa, utatazama kwa macho yako. Kazi nyingine sitaki ufanye, usije ukanivunjia kioo."

"Dada, nitaganda."

Bi Barafu akavua sweta ya juu, akamrushia.

Profesa akaivaa. Mikono ilimpita vidole. Akaketi, akajikunja, meno yakaanza kugongana, na mlango wa chuma ukajifunga polepole nyuma yao. Feni ikaguna. Pumzi mbili zikatoka, zikapanda, zikachanganyika juu ya mrija isijulikane ipi ni ya nani.

"Sasa nifanye nini?" Profesa akanong'ona.

"Nyamaza."

Tone likadondoka.